UZI: Mboga na matunda ya oganiki hapa Malindi, faida ya afya iko wapi hasa na pesa yako uiweke wapi

UmmuSabaki:
Salaam wanajukwaa. Siku hizi ukipita zile duka za mboga za upande wa bahari unakuta mchicha umefungwa kikaratasi cha kijani kimeandikwa "bio" vile Wataliano wanapenda, yaani oganiki, umelimwa bila dawa wala mbolea za viwandani, shilingi 150, na mchicha kama huo sokoni fungu ni 20. Watu wanabishana hiyo 130 ya juu inanunua afya ama inanunua karatasi. Mi nimeyasoma sana haya mambo manake kazi yangu ni ya maabara na nina mtoto ndo ameanza kula, kwa hivyo nitaandika refu, asiyependa marefu aruke.

Tuanze na vitamini kwa sababu ndiko kila mtu anakokimbilia, ati mboga ya oganiki ina vitamini zaidi. Hapo jamani ushahidi ni mwembamba. Mwaka 2012 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya tafiti zaidi ya 200 wakalinganisha, kwa vitamini wakakuta hakuna tofauti ya kuipigia kelele. 2014 Chuo Kikuu cha Newcastle kule Uingereza nao wakakusanya 343, wao wakasema za oganiki zina antioksidanti (vitu vinavyosaidia kulinda seli za mwili) nyingi zaidi na kadimiamu pungufu, karibu nusu. Kadimiamu ni metali nzito, ikiingia mwilini inajikalia kwenye figo miaka na mikaka, na shambani inaletwa sana na mbolea za fosfeti. Kwa hivyo kwa virutubisho wataalamu wenyewe hawajapatana.

Walipopatana ni kwa mabaki ya dawa za kuua wadudu. Hata wale wa Stanford ambao hawakuona faida ya vitamini walikiri mazao ya oganiki hayakutwi sana na dawa, na Newcastle wakasema mazao ya kawaida yanakutwa na mabaki mara nne zaidi. Na hii inaonekana hadi mwilini. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2006, watoto 23 wa shule walibadilishiwa chakula wakapewa cha oganiki siku tano, mkojo ukapimwa, alama za malathioni na klopairifosi, dawa mbili za wadudu, zikashuka karibu hapo hapo mpaka zikawa hazionekani, waliporudishiwa chakula chao cha kawaida zikarudi.

Ila dawa kupungua kwenye mkojo si sawa na kupona ugonjwa. Kwa kansa, Ufaransa 2018 walifuatilia watu karibu 69,000, wale wanaokula oganiki sana walipata kansa pungufu kwa asilimia 25. Haya, Uingereza 2014 walifuatilia wanawake zaidi ya 600,000 na ukijumlisha kansa zote hawakuona tofauti. Na hao Wafaransa wanaokula oganiki ndio hao hao wasiovuta sigara, wana mazoezi, wana pesa, sasa utajuaje ni mchicha au ni mazoezi. Mtu akikwambia mchicha wa 150 unazuia kansa mwambie akae chini anywe maji kwanza.

Msimamo wangu ni kwamba hicho kikaratasi si hoja, hoja ni nani alilima na dawa ya mwisho aliipiga lini. Karibuni mnipinge.

KachumbariKing:
Umeandika vizuri dadangu lakini sasa mtu wa Maweni anayeishi kwa kibarua atamuuliza nani dawa ya mwisho ilipigwa lini?? Anapita jioni amechoka, ananunua sukuma ya 20 na nyanya tatu anaenda zake. Haya mambo ya oganiki ni ya watu walioshiba. Mkiendelea kutisha watu hivi wataacha mboga kabisa wabaki na ugali na omena

UmmuSabaki:
@KachumbariKing hapo hatugombani kabisa. Shirika la Afya Duniani wanasema gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na wengi wetu huku hatufiki, sahani imejaa wali na mchuzi, mboga iko pembeni kama imekuja kusalimia tu. Zile tafiti zote zinazosema mboga zinapunguza maradhi ya moyo na kiharusi zilifanywa kwa watu wanaokula mboga za kawaida zilizopigwa dawa. Mboga yenye dawa kidogo ni bora kuliko kukosa mboga, hilo liandike ukutani. Mi naongelea mtu ambaye tayari anakula, na ana mia ya kuongeza, aiweke wapi.

JeneretaNaMpira:
Mimi ndio mnayenisema. Nalima kando ya mto upande wa Magarini, nyanya, bilingani, hoho na mchicha wa haraka haraka. Ngoja niwaambie inavyokwenda bila kuficha manake nyinyi wa mjini mnadhani mkulima anapenda dawa. Dawa ni ghali jamani! Kichupa kidogo tu kinakula faida ya kreti nzima. Tunapiga kwa sababu ya Tuta absoluta, hiki kidudu kiliingia Kenya 2014 hivi na tangu hapo nyanya si nyanya tena, kiwavi chake kinajichimbia ndani ya jani humuoni, unapita asubuhi shamba zuri kijani, baada ya siku kadhaa majani yamekauka yamebaki ngozi, ukipasua tunda nalo lina tundu na uchafu mweusi ndani, hiyo hakuna broka anaichukua hata bure. Sasa mtu akishaungua hivyo msimu mmoja, msimu unaofuata anapiga dawa hata kabla ya kukiona.

Halafu kuna ile ya siku za kungoja kabla ya kuvuna. Imeandikwa kwenye chupa, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Dawa nyingine ni siku 3, nyingine 7, nyingine 14. Nimepiga Jumatatu, Jumatano broka anapiga simu lori liko Gongoni linaenda Mombasa na bei imepanda, wewe ungefanyaje? Ada ya shule inadaiwa, jenereta inataka petroli. Wengi wanavuna, tusidanganyane. Na mchicha ndio mbaya zaidi kuliko nyanya, watu hawajui, mchicha unakaa wiki tatu nne tu shambani unang'olewa, ukiupiga dawa ya siku 14 umeshamaliza nusu ya maisha yake, utaungojea wapi

Kupima nako ni kwa kifuniko cha chupa, "weka viwili, ongeza na kimoja cha baraka". Wengine wanachanganya dawa mbili tatu kwenye pampu moja. Nozeli ikiziba mtu anaitoa anaipuliza kwa mdomo, nimeona kwa macho yangu mawili

FundiSimuBarani:
Mimi nakula chipsi tu haya hayanihusu 😂

JeneretaNaMpira:
@FundiSimuBarani viazi ndio vinapigwa kuliko hata sukuma kakangu, kule bara ukungu ukiingia shamba linaoza lote, wanapiga karibu kila wiki. Shukuru Mungu mnavimenya

NesiMstaafu_Mld:
Wanangu hamjambo. Hapo kwa nozeli na mdomo ndipo nataka kukaa, kwa sababu mnaongea sana juu ya anayekula na mnamsahau anayepiga. Mimi nimefanya kazi wodini miaka mingi. Mtu anayekula nyanya anapata mabaki, kiasi kidogo sana. Kijana anayebeba pampu mgongoni, inavuja, hana glavu, amevaa kandambili na jezi ya mpira wa miguu, upepo wa bahari unamrudishia usoni, huyo anapata dawa yenyewe.

Hizi za kundi la organofosfeti zinazuia kimeng'enya kimoja mwilini kinaitwa koliniesterasi, kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva baada ya kufika. Kikizuiwa ujumbe hauzimiki. Ndio unaona mtu anatoka jasho jingi, mate yanamtoka, machozi, tumbo linakata, anaharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo sana, misuli inachezacheza, kifua kinajaa, na ikizidi anashindwa kupumua. Wengi wakipata nafuu ya kwanza wanadhani ni malaria ama jua kali, wanalala nyumbani, kesho wanarudi shambani kupiga tena na kimeng'enya bado hakijarudi sawa.

Ikitokea, mvueni nguo zote, muosheni kwa maji mengi na sabuni, nywele pia, mkimbizeni hospitali NA CHUPA YA DAWA ili daktari ajue. Msimpe maziwa, msimtapishe. Na lebo ina mkanda wa rangi chini, nyekundu ndiyo kali kuliko zote, halafu manjano, bluu, kijani. Ukikuta nyekundu usiiguse.

Na kina mama, nguo za shambani za mumeo usizifue beseni moja na nguo za mtoto. Kule Marekani bonde la Salinas jimbo la California, eneo la mashamba ya mboga, walifuatilia kina mama wajawazito na watoto wao, majibu yakatoka 2011, watoto ambao mama zao walikuwa na kiwango cha juu kabisa cha hizo dawa mwilini walipofika miaka saba kipimo chao cha akili kilikuwa chini kwa pointi kama 7 kuliko wale wa chini kabisa. Kwa hiyo mkiniuliza mimi faida ya kwanza ya oganiki iko wapi, iko kwa mkulima na nyumba yake. Ninyi walaji mnafuata.

KachumbariKing:
Nesi shikamoo. Hii ya mwisho imenifanya ninyamaze kidogo

NesiMstaafu_Mld:
Marahaba baba.

MwanaAmu:
Sisi wa Amu (Lamu) tunawaangalia tu 😄 Ndooni huku mule oganiki ya lazima. Mashamba ya kisiwani mbolea yetu ni ya punda, punda wamejaa kila kichochoro, haja gani ya kununua gunia la mbolea. Mboga nyingi lakini hazilimwi hapa, hutoka kule Mpeketoni na Witu zikashushwa Mokowe, zikiya kwa mashua mchicha ushalala na jua lishaupiga. Sasa nauliza, mboga ilosafiri hivyo hata kama haikupigwa dawa, ina faida gani tena?

UmmuSabaki:
Swali zuri sana ndugu wa Amu na halijibiwi na kikaratasi chochote. Vitamini C inapotea haraka, hasa kwa mboga za majani zikikaa kwenye joto, unaweza kuwa na mchicha wa oganiki safi kabisa uliokaa siku mbili kwenye gunia, ukazidiwa na wa kawaida uliong'olewa leo asubuhi. Vitamini A yake inastahimili zaidi, madini ndo hayaendi popote. Halafu sisi wenyewe tunamalizia jikoni, tunakata vidogo vidogo, tunaloweka, tunachemsha, tunamwaga maji, kisha tunatia tui la nazi. Tui sawa, vitamini A inataka mafuta ili iingie mwilini, lakini yale maji tumemwaga yalikuwa na mali.

NesiMstaafu_Mld:
Na mbolea ya punda, mwanangu wa Amu, isitiwe mbichi. Mnakumbuka Ujerumani 2011? Watu zaidi ya 50 walikufa, maelfu wakaugua, wengine figo zikaharibika, bakteria wa E. koli. Ilipofuatiliwa ikaishia kwenye shamba la oganiki linalootesha mbegu za uwatu ziliwe changa kama saladi. Uwatu huu huu wetu, na mbegu zilitoka Misri. Hakukuwa na dawa yoyote ya wadudu, ilikuwa uchafu tu. Kwa hiyo "haina kemikali" si sawa na "ni salama". Wamarekani kwenye sheria zao za oganiki wanasema samadi mbichi iingie ardhini siku 120 kabla ya kuvuna kama kinacholiwa kinagusana na udongo, na siku 90 kama hakigusani. Mchicha hauwezi kungoja hivyo, basi samadi iozeshwe kwanza vizuri, lundo lipate joto, ligeuzwe.

MwanaAmu:
Uwatu! La haula. Mamangu hunywesha wazazi uji wa uwatu kila mzazi akijifungua

NesiMstaafu_Mld:
Uji unachemka, hauna neno. Tatizo ni kuliwa mbichi.

MamaMchicha:
Hodi humu. Mimi nauza mboga sokoni nimesoma huu uzi wote kwa simu ya mtoto na niseme tu kwamba nyinyi wateja ndio mnaleta hii dawa. Ndiyo nyinyi!! Nikiweka fungu mbili hapa, moja jani zima linang'aa na moja lina vitundu viwili vitatu vya mdudu, hakuna hata mmoja anachukua la tundu, mnalishika mnaligeuza mnalirudisha mkiniangalia kama nimewapa takataka. Sasa mkulima naye ana macho, akiona la tundu linarudi nyumbani ataacha kupiga dawa?

Na mnatafuta oganiki ya 150 na mimi nina mtsunga hapa wa 20 hakuna mtu duniani alishawahi kupiga dawa mtsunga, unajiotea wenyewe. Mnavu pia, matembele, kisamvu, majani ya kunde, majani ya maboga. Hawe, bibi yetu, alitulea kwa hayo na tui la nazi. Siku hizi vijana mnasema mtsunga ni chungu. Basi kaeni na sukuma. Sukuma ndio inapigwa, chawa wa mimea wanaipenda sana, mtsunga hawana habari nao

UmmuSabaki:
Mama Mchicha umemaliza. Na kwa afya hayo majani ya kienyeji hayapitwi na sukuma, chuma, folati, vitamini A, yote yamo. Kisamvu tu kitwangwe kichemshwe vizuri kwa sababu kibichi kina sumu yake ya asili, sayanaidi, hiyo haijali kama ni oganiki.

DodoNaNgowe:
Mbona hakuna anayetaja matunda na tuko Malindi 😅 mimi ni mtu wa maembe. Embe la ngowe la hapa, mti wa babu ulio nyuma ya nyumba, haujapigwa kitu tangu upandwe. Tatizo letu kubwa ni inzi wa matunda. Huyu mgeni alionekana Kenya mara ya kwanza 2003 na alionekana huku huku pwani, anatoboa embe anataga mayai, unapasua unakuta funza. Ndiye alifanya Kenya yenyewe isimamishe kupeleka maembe Ulaya 2014 mpaka 2021. Sasa watu wa maembe ya apple na Tommy wanapiga dawa, lakini iko njia ya mtego, unatundika kopo lenye harufu inayovuta madume yanaingia yanafia ndani, na maembe yaliyoanguka unayaokota kila siku unazika chini kabisa ama unafunga kwenye mfuko mweusi uanike juani funza wafe. Usipookota mtego haukusaidii. Na msiue maji moto jamani, wale siafu wekundu wa juu ya mti wanaoshona majani, wanauma sana najua lakini wanafukuza huyo inzi.

Mimi kinachonitia hasira si dawa ya shambani, ni kuivisha. Embe changa linachumwa kabla ya wakati, linaivishwa kwa kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomea vyuma. Kabaidi ikipata unyevu inatoa gesi ya asetilini inayoivisha, na ile ya viwandani mara nyingi ina uchafu wa aseniki na fosforasi. Unalijua embe hilo, nje manjano sawasawa kote, ndani gumu, kokwa jeupe laini, utamu hakuna. Kwani kuvumbika kumekuwa kazi? Majani makavu, kikapu, gunia juu, siku chache tu embe linanukia nyumba nzima.

KachumbariKing:
Sasa ndizi nazo 😩

DodoNaNgowe:
Ndizi nazo zinafanyiwa. Nunua mkungu mbichi uivishe kwako

TuktukYaAlfajiri:
Nimengoja hii mada. Mi nabeba mboga na tuktuk alfajiri napelekea mahoteli na maduka. Kuna duka moja, sitaji, ananunua sokoni saa kumi na moja ile ile sukuma ya kila mtu, anaisuuza, anaifunga na uzi wa mkonge mzuri, anabandika stika ya kijani, saa mbili iko kwa friji ya kioo bei mara tano. Mteja anauliza "hii ni ya oganiki?" anajibiwa "yes yes from our farm". Shamba lenyewe ni mimi na tuktuk yangu

UmmuSabaki:
😂😂 Ndio maana nilisema kikaratasi si hoja. Alama ya kweli ipo lakini, inaitwa Kilimohai, ilikuja pamoja na kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki cha 2007. Anayeitumia lazima awe amekaguliwa. Ukaguzi wa kampuni za nje ni pesa nyingi, mkulima mdogo haumudu, ndo kukawa na njia ya vikundi, wakulima wanakaguana wao kwa wao na wanunuzi wanahusishwa, wakikubaliana fulani kavunja masharti anatolewa. Kwa hivyo ukikuta stika imeandikwa "bio" ama "natural" tupu, muulize nani kamkagua.

KachumbariKing:
Nina swali la kuchokoza. Hawa wanaomwagilia na maji ya Sabaki wanaweza kuitwa oganiki kweli? Sabaki ndiyo Galana, Galana ndiyo Athi, na mto Nairobi na taka zake zote unaingia huko huko. Mvua ikinyesha bara bahari yetu hapa inageuka chai. Mtu haweki dawa hata tone lakini anafungulia mpira wa maji ya viwanda vya Nairobi

JeneretaNaMpira:
Hapa umenipata pabaya. Mto ni ule mmoja na hatuna mwingine. Walio na visima vya maji matamu ni wachache, vingine ukipampu sana vinageuka chumvi

UmmuSabaki:
Ni swali halali. Oganiki inakwambia mkulima aliweka nini, haikwambii mto umebeba nini. Mwendo ni mrefu na mchanga mwingi unatua njiani lakini metali na vijidudu ni vitu vya kupimwa maabara, si vya kukisia. Kwa mlaji, vijidudu vya maji ndio hatari ya leo leo, na hiyo unaipunguza mwenyewe, usile kibichi bila kuosha na maji safi yanayotiririka.

Kuhusu kuosha dawa sasa. Massachusetts 2017 walijaribu kwa matofaa, wakaloweka kwenye maji yenye magadi ya kupikia, ile baking soda ya maandazi, dakika 12 hadi 15, ikatoa dawa mbili walizojaribu kutoka juu ya ganda kuliko maji matupu. Kilichokuwa kimeshapenya ndani ya ganda hakikutoka. Na dawa nyingine zinanyonywa na mmea tangu kwenye mizizi, hizo uoshe mpaka kesho. Omo na sabuni ya vyombo msitumie jamani, mboga inanyonya.

Kwa hivyo ile mia yako ya ziada. Kuna shirika la Marekani, Environmental Working Group, kila mwaka linatoa orodha ya mazao yenye mabaki mengi na machache. Ni mazao ya kule, si ya Sabaki, lakini mantiki inaeleweka hata huku. Majani kama spinachi na sukuma yako upande mbaya kwa sababu unakula kile kile kilichonyunyiziwa. Nanasi, parachichi, papai, embe ziko upande mzuri kwa sababu ganda unatupa. Usilipe pesa ya oganiki kwa nanasi la Magarini wala kwa dafu, huko ni kuchoma pesa. Lipa kwa mboga za majani, nyanya za kachumbari, hoho. Ila embe mbichi la pilipili na chumvi wanalouziwa watoto nje ya shule, hilo linaliwa na ganda, lioshwe.

DodoNaNgowe:
Na ubuyu na ukwaju!! Mbuyu nani ataupiga dawa, utapanda na ngazi gani. Kilifi hii yote mibuyu, Ulaya waliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kule 2008 sasa wanauza kwenye vikopo bei ya dhahabu kwa sababu ya vitamini C, sisi tunautia rangi nyekundu na sukari nusu kilo

MwanaAmu:
Hiyo ya rangi usiiguse, ubuyu bila rangi si ubuyu 😤

TuktukYaAlfajiri:
Na serikali iko wapi kwa haya ya dawa?

UmmuSabaki:
2019 mbunge Gladys Shollei alipeleka ombi bungeni dawa hatari zitolewe sokoni, na nyingine zilikuwa zile ambazo Ulaya wamezikataa mashambani mwao. Klopairifosi niliyoitaja juu, Ulaya waliipiga marufuku 2020. Kuna bodi ya kusajili dawa, na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, wanapima mabaki. Shida ni kwamba harage la kwenda Ulaya linapimwa kabla ya kupanda ndege, sukuma ya kwenda Maweni inapimwa na nani? Mnunuzi wa Ulaya akikuta dawa anarudisha mzigo. Sisi hatuna pa kurudisha.

JeneretaNaMpira:
Haya mmenisema vya kutosha sasa nisaidieni. Nikitaka kulima tuta moja la mchicha bila dawa kabisa, nitumie nini, na msiniambie niombe dua

NesiMstaafu_Mld:
Dua nayo ni muhimu baba 🙂 lakini tumbaku usitumie, kuna watu wanachemsha tumbaku wananyunyiza wakisema ni asili. Nikotini ni sumu kali kwa mtu.

DodoNaNgowe:
Mwarobaini. Umejaa Malindi yote hadi kwenye makaburi. Okota kokwa zilizokomaa, kausha kivulini, toa ganda, twanga. Nusu kilo ya kiini kwa lita 10 za maji, lala nayo usiku mmoja, chuja kwa leso, tia sabuni kidogo ishike kwenye jani. Piga JIONI, mchana jua linaimaliza nguvu. Haiui papo hapo kama ya agroveti kwa hivyo usikate tamaa asubuhi, inamfanya mdudu aache kula na asikue. Lazima urudie, na mvua ikinyesha urudie tena. Vaa glavu hata hivyo. Changanya na mistari ya vitunguu, zungusha mazao, usipande mchicha juu ya mchicha

JeneretaNaMpira:
Kazi ni mara tatu ya dawa. Sikatai lakini ni mara tatu. Nani atanilipa hiyo kazi, na majani yatatoka na tundu, hilo sio siri. Mama Mchicha anasema mnarudisha

UmmuSabaki:
Mi nachukua fungu zangu kila Ijumaa, na nyumba kadhaa za huku Shela ya Malindi nitawaongelesha. Tundu hazinisumbui.

KachumbariKing:
Na mimi niandikeni, ila si 150

MamaMchicha:
150 ya nini, mnataka kumfukuza kila mtu? Mimi nitaliweka meza yangu pembeni na nitasema wazi hili la tundu halina dawa. Asiyetaka aache. Jenereta unaniletea bei gani

JeneretaNaMpira:
Fungu 30 shambani, wewe uuze 40

MamaMchicha:
30 shambani?? Wewe umeshaanza Utaliano. 20, na fungu liwe fungu, si majani matano na uzi mrefu

JeneretaNaMpira:
25 na uniokotee kokwa za mwarobaini za hapo nyuma ya soko